Ctrl, Alt na J: Panga Hesabu ya Till Yako kwa Vitufe Vitatu

Saa mbili usiku, mteja wa mwisho ameondoka na mlango umefungwa nusu. Miguu inauma. Lakini bado hujamaliza, kwa sababu hesabu ya till inakungoja. Unafungua kompyuta, unapakua taarifa ya malipo ya leo, unaitafuta ndani ya folda iliyojaa mafaili ya kila aina, unaihamisha, unafungua daftari lako la Excel, halafu ndipo unaanza kulinganisha. Ukichoka, unajiambia "nitafanya kesho." Kesho inakuwa Jumapili, na Jumapili inakuwa mwisho wa mwezi.

Katika somo la leo tunakufundisha jambo moja dogo: jinsi ya kuifanya kompyuta yako ikamilishe zile hatua za kuchosha ukibonyeza vitufe vitatu tu, hata kama kwa wakati huo ulikuwa kwenye WhatsApp ya kompyuta au unaandika invoisi. Huhitaji kuwa mtu wa IT. Ukiweza kutuma pesa kwa till bila kukosea nambari, hii pia utaiweza.

Tutakueleza pia mahali ambapo njia hii inaweza kukuumiza, maana nimeiona ikikaribia kumharibia kijana mmoja kazi.

Skripti ni nini, na njia ya mkato ya kila mahali ni nini?

Skripti ni faili la maandishi lenye maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya lingine, kutoka juu kwenda chini. Ni kama ile orodha unayomwachia kijana wa duka asubuhi: fagia, panga unga, toa maziwa kwenye friji. Tofauti ni kwamba kijana akiona jambo lisiloeleweka atakuuliza. Kompyuta haiulizi mpaka uiagize iulize. Kumbuka sentensi hiyo, tutairudia.

Njia ya mkato unaijua tayari. Ctrl+C inanakili, Ctrl+V inabandika. Lakini hizo ni mali ya programu iliyo mbele yako wakati huo. Ukiwa ndani ya Excel, ni Excel inayosikia. Ukiwa ndani ya kivinjari, ni kivinjari kinachosikia.

Kuna aina nyingine ambayo inasikika popote ulipo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, na kompyuta inajifunga, haijalishi ulikuwa unafanya nini. Hiyo ndiyo tunaita njia ya mkato ya kila mahali. Habari njema ni kwamba wewe pia unaweza kutengeneza yako na kuiunganisha na skripti yako.

Tunataka skripti ifanye nini?

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi kazi unayoifanya kila jioni. Kwa wafanyabiashara wengi wenye till, inakaribia kuwa hivi:

1. Kutengeneza folda ya leo.
2. Kuhamisha taarifa ya till kutoka folda ya Downloads hadi folda hiyo.
3. Kufungua folda hiyo ili kuhakikisha faili limefika.
4. Kufungua daftari la mauzo.

Angalia ambacho hakipo kwenye orodha hiyo. Hakuna kuingiza PIN. Hakuna kutuma pesa. Hakuna kutoa pesa. Skripti yetu inapanga makaratasi tu, pesa inabaki mikononi mwako. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na haina msamaha.

Je, inaokoa muda gani? Piga hesabu yako mwenyewe. Kama kazi hii inakula dakika 5 kila jioni na unafungua duka siku 26 kwa mwezi, hizo ni dakika 130. Zaidi ya saa mbili. Lakini muda siyo faida kubwa kuliko zote. Faida kubwa ni kwamba kazi iliyo rahisi inafanyika kila siku, na hesabu inayofanyika kila siku inaonyesha tatizo likiwa bado changa.

Hatua kwa hatua kwenye Windows

*Hatua ya 1: Tengeneza kabati lako.* Fungua File Explorer, bonyeza ile sehemu ya juu inayoonyesha anwani ya folda, andika %USERPROFILE% halafu ubonyeze Enter. Utafika kwenye folda yenye jina lako la kompyuta. Hapo tengeneza folda mpya, uiite Mauzo. Weka daftari lako la Excel ndani yake na ulipe jina daftari.xlsx.

*Hatua ya 2: Jua jina la taarifa yako.* Pakua taarifa moja ya till kama kawaida na utazame jina lake. Kwenye mfano wetu linaanza na neno "taarifa" na ni faili la aina ya CSV. Lako likianza na neno lingine, utatumia neno hilo.

*Hatua ya 3: Andika skripti.* Fungua Notepad na uandike mistari hii kama ilivyo:

@echo off
for /f %%d in ('powershell -NoProfile -Command "Get-Date -Format yyyy-MM-dd_HHmm"') do set SAA=%%d
set KABATI=%USERPROFILE%\Mauzo\%SAA%
mkdir "%KABATI%"
move /-Y "%USERPROFILE%\Downloads\taarifa*.csv" "%KABATI%"
explorer "%KABATI%"
start "" "%USERPROFILE%\Mauzo\daftari.xlsx"
pause

Usiogope. Hebu tuisome pamoja.

Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta isirudie kila agizo kwenye skrini. Wa pili unauliza saa na tarehe, kisha unaziweka kwenye mfuko unaoitwa SAA. Ukibonyeza tarehe 14 Machi 2025 saa mbili na nusu usiku, mfuko huo utabeba 2025-03-14_2030. Tumeanza na mwaka makusudi, ili folda zako zijipange zenyewe kuanzia ya zamani hadi ya leo.

Mstari wa tatu unatengeneza anwani ya folda ya leo na wa nne unaijenga folda yenyewe. Wa tano ndio moyo wa kazi: unahamisha kila faili la CSV linaloanza na "taarifa". Ile nyota ina maana ya "na chochote kinachofuata". Wa sita unakufungulia folda uone kwa macho yako. Wa saba unafungua daftari. Wa mwisho, pause, unaacha lile dirisha jeusi wazi mpaka ubonyeze kitufe chochote, ili usome kama kuna kosa.

*Hatua ya 4: Hifadhi vizuri.* Chagua "Save as". Pale chini penye "Save as type" chagua "All files". Lipe faili jina jioni.bat na ulihifadhi ndani ya folda ya Mauzo. Ukisahau kuchagua "All files", Notepad italifanya jioni.bat.txt, na hilo ni maandishi tu, haliwezi kutenda kazi. Hapa ndipo watu wengi wanakwama.

*Hatua ya 5: Weka njia ya mkato kwenye Desktop.* Bonyeza jioni.bat kwa kitufe cha kulia cha mausi. Kwenye Windows 11, chagua kwanza "Show more options". Kisha chagua "Send to" na "Desktop (create shortcut)". Utaona kijialama kipya kwenye Desktop.

*Hatua ya 6: Ipe vitufe.* Bonyeza kile kijialama kwa kitufe cha kulia na uchague "Properties". Ukiwa kwenye sehemu ya "Shortcut", tafuta kisanduku kilichoandikwa "Shortcut key". Bonyeza ndani yake, kisha ubonyeze herufi J peke yake. Windows itajaza yenyewe Ctrl + Alt + J. Bonyeza OK.

Umemaliza. Kuanzia sasa, shika Ctrl na Alt kwa pamoja, gusa J, na kazi inaanza.

Mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, kijialama hicho lazima kikae kwenye Desktop au kwenye menyu ya Start. Ukikihamishia kwenye folda nyingine ya kawaida, vitufe vitanyamaza. Pili, wakati mwingine Windows inachukua sekunde chache kuitikia. Usibonyeze tena na tena kwa hasira, subiri.

Kwa nini J?

Tumechagua J kwa sababu ya jioni, ni rahisi kukumbuka. Lakini pia tumekwepa herufi ambazo zina wenyewe. Kwa mfano, ndani ya Word, Ctrl+Alt+M inaongeza maoni na Ctrl+Alt+F inaweka tanbihi. Ukizichukua hizo, zitagombana na kazi yako nyingine. Kitufe cha Windows nacho kimeshakaliwa sana: pamoja na E kinafungua mafaili, pamoja na D kinaonyesha Desktop. Na Ctrl+Alt+Delete usijisumbue nayo kabisa. Mfumo wenyewe umeishikilia kwa sababu za usalama, na hakuna programu ya kawaida inayoruhusiwa kuichukua.

Ushauri wetu: anza na njia mbili au tatu tu. Ukiwa nazo kumi utasahau nane.

Siku ile pesa "ilipotea"

Sasa nikueleze kwa nini kuna ile alama ya /-Y kwenye mstari wa tano, na kwa nini jina la folda lina saa na dakika.

Shangazi yangu ana duka la vyakula. Mimi ndiye niliyemwekea skripti ya kwanza, na nilijivunia sana. Ilikuwa fupi kuliko hii. Ilitengeneza folda ya tarehe ya leo na kuhamisha taarifa humo. Basi. Kwa siku za kwanza alifurahi, akawa anawaambia majirani kwamba kompyuta yake inafanya kazi yenyewe.

Siku moja alifika dukani mchana, akapakua taarifa ya till kuanzia asubuhi hadi saa saba, akabonyeza vitufe vyake, akaenda sokoni. Usiku akarudi, akapakua nyingine kuanzia saa saba hadi jioni, akabonyeza tena. Kisha akakaa chini kupiga hesabu.

Mauzo ya siku kwenye daftari yalikuwa Sh27,000. Pesa taslimu kwenye droo, Sh9,200. Kwa hiyo till ilipaswa kuwa na Sh17,800. Taarifa iliyokuwa kwenye folda ilionyesha Sh11,450. Zinapungua Sh6,350.

Wewe ungefikiria nini? Yeye alifikiria kile ambacho wenye maduka wengi wanafikiria: kijana amewaambia wateja watume kwa nambari yake mwenyewe badala ya till. Akamwita.

"Hii pesa imeenda wapi?"

"Mathe, mimi sijachukua hata bob."

"Kompyuta haidanganyi. Utalipa kutoka kwa mshahara."

Kijana hakuwa na la kusema, maana atajitetea vipi mbele ya kompyuta? Alinipigia simu usiku huo akiwa analia. Nilimwomba shangazi anipe dakika kumi kabla ya kuamua chochote. Nikamwambia apakue taarifa upya, safari hii ya siku nzima, kuanzia usiku wa manane hadi dakika ya mwisho ya siku. Jumla yake ikasoma Sh17,800. Hakuna hata shilingi moja iliyokuwa imepotea.

Kosa lilikuwa langu. Taarifa zote mbili zilipakuliwa kwa jina lile lile. Kwa kawaida, ukipakua faili lenye jina ambalo tayari lipo kwenye Downloads, kivinjari kinaongeza namba kwenye mabano ili yasigongane. Lakini skripti ilikuwa imeshalihamisha la mchana, kwa hiyo Downloads ilikuwa tupu na faili la jioni likapewa jina lile lile. Lilipohamishwa, lilitua juu ya la mchana na kulifuta. Kimya kimya. Agizo la move likiandikwa kwa mkono kwenye dirisha jeusi huwa linauliza kabla ya kufuta. Likiwa ndani ya skripti ya .bat haliulizi, linaandika juu yake tu.

Ndiyo maana nilisema kompyuta haiulizi mpaka uiagize. Ile /-Y ndiyo agizo lenyewe: "uliza kwanza kabla ya kuandika juu ya faili lingine." Na saa na dakika kwenye jina la folda zinahakikisha kwamba kila ukibonyeza kwa dakika tofauti, unapata folda mpya. Ulinzi wa aina mbili. Baada ya kumuona kijana wa watu akikaribia kupoteza mshahara, sitaki kuweka mmoja tu.

Shangazi alimwomba msamaha mbele yangu. Bado anaitumia skripti, ile iliyorekebishwa. Lakini ameongeza sheria yake mwenyewe: hesabu isipolingana, anapakua taarifa ya siku nzima upya kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Ni sheria nzuri. Ikopi.

Jaribu kabla ya kuamini

Usijaribie skripti mpya kwenye taarifa za kweli. Fanya hivi:

1. Toa taarifa zako za kweli kwenye Downloads kwanza, ziweke kando.
2. Kwenye Notepad, andika neno "jaribio la kwanza" na ulihifadhi ndani ya Downloads kwa jina taarifa.csv. Kumbuka "All files".
3. Bonyeza Ctrl+Alt+J. Folda mpya ifunguke, faili liwe ndani, na Downloads isiwe nalo tena.
4. Ngoja dakika moja ipite. Tengeneza taarifa.csv nyingine, hii iandike "jaribio la pili", kisha ubonyeze tena.
5. Hakikisha sasa una folda mbili, na kila moja ina faili lake. Yafungue yote mawili usome.

Ukifika hatua ya 5 salama, unaweza kuikabidhi kazi ya kweli. Ukiona dirisha jeusi linasema "The system cannot find the file specified", maana yake hakuna faili linaloanza na neno ulilotaja. Aidha hujapakua taarifa, au jina lake ni tofauti na ulilopeana kwenye mstari wa tano.

Njia ya pili: fungua ukurasa halisi

Kuna skripti nyingine fupi sana ambayo tunaipendekeza kwa kila mteja mwenye till. Ina mistari miwili tu:

@echo off
start "" "https://anwani-ya-ukurasa-wako"

Badilisha hiyo anwani na uweke ile rasmi ya ukurasa wako wa mfanyabiashara, uiandike mwenyewe kwa makini ukiitazama kutoka kwenye barua au mkataba wako. Ihifadhi kwa jina ukurasa.bat, kisha uipe vitufe vyako kama tulivyofanya juu.

Faida yake? Watu wengi wanaandika jina la huduma kwenye Google kila siku halafu wanabonyeza kile kinachotokea kwanza. Matapeli wanajua hilo. Wanatengeneza kurasa zinazofanana na halisi, zenye herufi moja tu iliyobadilishwa kwenye anwani, na wanangoja uingize nenosiri lako. Ukiwa na njia ya mkato inayokupeleka kwenye anwani ile ile kila siku, mlango huo wa utapeli unafungwa. Utaingiza nenosiri lako kwa mkono wako, kwenye ukurasa unaoujua.

Sheria tano za usalama

*1. PIN na nenosiri havikai ndani ya skripti.* Faili la .bat ni maandishi ya kawaida. Mtu yeyote atakayekaa kwenye kompyuta hiyo kwa dakika moja anaweza kulifungua kwa Notepad na kusoma kila kitu. Kuna programu zinazoweza kukuandikia maneno ukibonyeza vitufe, na utashawishika kuzipa nenosiri ili uingie haraka. Usifanye hivyo. PIN inakaa kichwani.

*2. Usipokee skripti kutoka kwa WhatsApp au Telegram.* Mtu akikutumia faili na kusema "hii itakupangia hesabu, bonyeza tu," usibonyeze. Faili la .bat unaweza kulibonyeza kwa kitufe cha kulia, ukachagua "Edit", na ukalisoma kabla. Kama kuna mstari usiouelewa, usilitumie. Faili la .exe huwezi kulisoma hivyo, kwa hiyo hilo liache kabisa.

*3. Funga kompyuta ukiondoka.* Kitufe cha Windows na L. Hata kama unaenda tu kumpa mteja mkate.

*4. Usitumie njia hii kwenye cyber.* Taarifa yako ya till ina kumbukumbu za wateja wako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ukikusanya taarifa za watu una wajibu wa kuzilinda. Kuziacha kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaitumia siyo kuzilinda.

*5. Skripti haithibitishi malipo.* Hii ni muhimu. Mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake, hiyo siyo pesa, hata kama ina jina lako na kiasi sahihi. Meseji za uongo zipo. Thibitisha kwa ujumbe ulioingia kwenye laini yako mwenyewe au kwenye taarifa ya till yako, halafu ndipo utoe bidhaa. Hesabu ya jioni inakuja kugundua kilichokuponyoka, lakini haiwezi kumrudisha mteja aliyeondoka na mzigo.

Na kama situmii Windows?

Kwenye Ubuntu, skripti yako itakuwa tofauti kidogo na mwisho wake utakuwa .sh. Ipe ruhusa ya kutenda kazi kwa agizo la chmod +x. Kisha ingia "Settings", "Keyboard", halafu sehemu ya "Custom Shortcuts". Weka jina, anwani kamili ya skripti, na vitufe unavyotaka.

Kwenye Mac yenye macOS Monterey ya mwaka 2021 au toleo jipya zaidi, kuna programu inayoitwa Shortcuts. Ndani yake ongeza hatua ya "Run Shell Script", andika maagizo yako, kisha kwenye maelezo yake chagua "Add Keyboard Shortcut".

Na kama upo kwenye Windows lakini unataka uhuru zaidi wa kuchagua vitufe, kuna programu ya bure inayoitwa AutoHotkey. Humo, ^ ni Ctrl, ! ni Alt, na # ni kitufe cha Windows. Kwa hiyo ^!j ni ile ile Ctrl+Alt+J. Ni programu yenye nguvu nyingi, kwa hiyo sheria ya kwanza hapo juu inaihusu mara mbili.

Maswali ambayo unaweza kuwa nayo

*Nikifuta kijialama kwenye Desktop, je, skripti inafutika?* Hapana. Skripti yako bado iko ndani ya folda ya Mauzo. Ni vitufe tu vitakavyoacha kufanya kazi. Rudia hatua ya 5 na ya 6.

*Kijana wangu wa duka anaweza kuitumia?* Ndiyo, na ni vizuri aitumie, maana skripti haigusi pesa. Hata hivyo, ukurasa wa till afungue kwa akaunti yake mwenyewe kama huduma yako inaruhusu, siyo kwa nenosiri lako. Mweleze pia inavyofanya kazi. Mtu anayeelewa chombo anaweza kujitetea kikikosea.

*Nifute folda za zamani lini?* Usizifute kabla ya kumaliza hesabu za mwaka na mambo ya kodi. Zinachukua nafasi ndogo sana. Mara moja kwa mwezi, zinakili kwenye flashi na uiweke mahali salama nyumbani.

Kazi ya leo jioni

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo jioni fanya mambo matatu: tengeneza folda ya Mauzo, andika ile skripti, na uijaribu mara mbili kwa faili la uongo. Kesho uitumie kwa kazi ya kweli, kisha ujaze namba tatu kwenye daftari lako: mauzo yote, pesa taslimu, na jumla ya till. Ukiondoa taslimu kwenye mauzo, kinachobaki kinapaswa kulingana na till.

Zikilingana, funga duka ukalale. Zisipolingana, pakua taarifa ya siku nzima upya, pumua, halafu ndipo umwite mtu.